UZI MREFU: Mkiambiwa mtoto ana rabdomiosakoma (saratani ya misuli), msiishie kwa jina. Ulizeni jeni ya FOXO1

anti_wa_umoja

Habari zenu wote. Nimesoma humu miaka mingi bila kuandika kitu, leo naandika juu najua kuna mzazi mahali saa hii amekaa kwa benchi ya hospitali na ripoti mkononi na haelewi ata mstari mmoja, vile sisi tulikuwa mwaka jana. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Kijana ni wa dada yangu mkubwa. Alikuwa na miaka 13, golikipa wa shule, akatokea na uvimbe kwa mkono chini ya kiwiko. Haukuwa unauma. Na hiyo ndio ilituponza, juu sisi tumezoea kitu mbaya lazima iume, tukasema ni mpira, ameanguka vibaya, tukakanda na maji moto, tukapaka dawa ya misuli, wiki zikaenda. Ulianza ukubwa wa ndimu, mwezi wa tatu ulikuwa kama yai la bata na ngozi imevutika inang'aa.

Hospitali ya kwanza (sitaitaja) walisema jipu. Antibiotiki wiki mbili. Alafu wakapasua bila kupiga picha yoyote, hakukuwa na usaha, kulikuwa na nyama tu. Wakakata kipande wakaweka kwa chupa ya maji ya chumvi, ilikuwa Ijumaa jioni, ikakaa hapo mpaka Jumatatu ndio ikafika maabara. Imeoza. Hakuna kitu mtu angesoma hapo. Kwa hivyo mtoto akakatwa mara ya pili hospitali ingine, na hiyo kidonda ya kwanza ikawa shida juu daktari wa upasuaji alisema uvimbe wa mkono unafaa kukatwa kwa laini moja iliyopangwa, sio popote tu.

Ripoti ya pili ikatoka na maneno "seli ndogo za mviringo za bluu". Dada akauliza sasa hiyo ni saratani gani? Daktari akasema hiyo ni sura tu, saratani kadhaa za watoto zinafanana hivo kwa mikroskopu: limfoma, Ewing, neuroblastoma, rabdomiosakoma. Kama watoto wa shule moja wamevaa yunifomu, lazima usome beji. Wakaongeza rangi maalum za kutafuta protini za misuli, desmini na miojenini, zote zikashika. Basi ni rabdomiosakoma, saratani ya seli zilizotaka kuwa misuli zikakwama njiani.

Tukadhani tumemaliza. Kumbe hapo ndio swali la maana linaanza. Ripoti ilisema "sura ya alveola", na daktari wa saratani ya watoto, mama mmoja mpole sana, akamwambia dada: "Mama, sura peke yake hainitoshi. Nataka kujua kama FOXO1 imevunjika." Hakuna mtu kwa familia alikuwa amewahi kusikia hilo neno. Naendelea jioni nikitoka kazi.

mwalimu_J

Pole anti. Endelea tuko hapa. Lakini nieleze kitu, kama wameshajua ni saratani na wanajua ni ya misuli, si waanze kemo (dawa za saratani) tu? Hizi vipimo nyingi saa zingine naona ni za kumaliza watu pesa.

fundi_wa_slaidi

Mwalimu swali lako ni la haki, wacha nijibu kwanza kabla anti arudi. Mimi nafanya maabara ya patholojia hapa Nairobi, mwaka wa kumi na moja sasa, kazi yangu ni kukata hizo slaidi.

Rabdomiosakoma sio kitu kimoja. Kubwa ni aina mbili. Embrionali ndio nyingi, zaidi ya nusu, inapenda watoto wadogo chini ya miaka 10, inakaa kichwani, shingoni, kwa jicho, kwa kibofu na sehemu za uzazi. Alveola ni kama robo hivi, inapenda vijana wakubwa kidogo, mikono, miguu, kiwiliwili, na hii ndio kali zaidi, inakimbilia tezi za limfu na uboho mapema. Jina alveola limetoka kwa vile seli zinajipanga na nafasi katikati kama vifuko vya hewa vya mapafu, haina maana iko mapafuni, nimeona watu wakilia koridoni juu ya hilo jina.

Shida ni kwamba macho yanadanganywa. Kuna embrionali imejaa seli zimebanana unaiona kama alveola, na kuna alveola haina zile nafasi kabisa. Ndio sababu jeni inaulizwa. Watafiti waliona kwa alveola kipande cha kromosomu namba 13 kimehamia kwa kromosomu namba 2. Mwaka 1993 wakagundua hapo jeni ya FOXO1 imejishika na jeni ya PAX3. Kwa wengine imehamia kromosomu namba 1 ikajishika na PAX7.

Fikiria malori mawili pale Mombasa Road. PAX3 ni kichwa cha lori kinachojua njia zote za kwenda kutengeneza misuli, kazi yake ya kawaida ni mtoto akiwa tumboni. FOXO1 ni lori lingine kabisa. Sasa mtu amekata kichwa cha PAX3 akakifunga kwa trela ya FOXO1 ambayo ina nguvu ya kuwasha jeni bila kupumzika. Hilo lori jipya linaenda kila mahali PAX3 inajua kwenda, linawasha kila kitu, na halizimiki. Seli inaambiwa gawanyika, gawanyika, haiambiwi kamwe sasa kuwa msuli.

Kati ya zile zinazoonekana alveola kwa mikroskopu, karibu 80 kwa 100 zina huo muunganiko. Zile 20 hazina. Na utafiti uliotoka 2010 ulionyesha hizo 20 zisizo na muunganiko zinatembea kama embrionali, kwa jeni na kwa vile mgonjwa anaendelea. Kwa hivyo mwalimu, watoto wawili wana ripoti imeandikwa neno moja, alveola, mmoja ana ugonjwa mkali na mwingine ana ule wa afadhali, na hakuna jicho la binadamu litawatofautisha. Hiyo sio pesa ya bure.

mwalimu_J

Nimeelewa. Ahsante kwa hiyo ya lori, sasa naiona.

mama_Kayole2

Nimelia nikisoma hii. Wangu alikuwa na miaka minne, jicho la kushoto likaanza kutoka nje. Pale tulianzia walisema Burkitt, aina ya limfoma, juu wanaona nyingi kwa watoto wa kwetu magharibi, na sisi asili ni Siaya, wakataka kuanza dawa za Burkitt kesho yake. Daktari mmoja kijana akakataa, akasema hapana tutoe nyama kwanza. Ilikuwa rabdo. Embrionali, na FOXO1 haikuvunjika. Sasa ako darasa la pili. Nafikiria huyo daktari kila siku.

anti_wa_umoja

Mama Kayole Mungu ambariki huyo kijana na mtoto wako. Fundi ahsante sana umeeleza kuniliko.

Sasa niendelee. Daktari alisema kipimo kinaitwa FISH, herufi nne, haina uhusiano na samaki. Ikabidi bloku itumwe maabara ingine, na hapa ndio naomba msome polepole. Bloku ni kile kipande cha nyama ya mtoto kimewekwa ndani ya nta, kimekaa kwa kisanduku kidogo cha plastiki kama nusu ya kiberiti. Hiyo ndio mali. Ripoti ni karatasi, unaweza kuprintiwa ingine. Bloku ikipotea ni mtoto anarudi kwa kisu.

Na yetu ilipotea. Siku tisa. Maabara walisema wamepeana, wodi walisema hawajapokea, daftari ya kusaini haikuwa na saini. Dada alikuwa analala kwa kiti karibu na kitanda cha mtoto, kwa hivyo mimi ndio nilikuwa nazunguka, natoka kazini saa saba naenda kusimama kwa hilo dirisha. Siku ya tisa dada mmoja wa usafi akaniambia anti angalia ile droo ya chini. Ilikuwa hapo, imeandikwa jina la mtoto vizuri kabisa. Nilishika hiyo kitu kidogo nikatetemeka.

Nikaibeba mwenyewe. Nilikaa kwa matatu nimeiweka kifuani ndani ya sweta, nikashuka na nikatembea mpaka dirisha la maabara nikasema sitoki bila risiti yenye namba.

fundi_wa_slaidi

Anti ulifanya vizuri, na niongeze hapo. Msiweke bloku kwa dashibodi ya gari kwa jua, hiyo nta inaanza kuyeyuka kwa nyuzi 56 hivi. Ifungwe vizuri, isibanwe, na iende na nakala ya ripoti ya kwanza.

Na kabla ata ya bloku: nyama ikitoka kwa mtoto iingie kwa fomalini ya asilimia 10 iliyotulizwa asidi, saa hiyo hiyo, na fomalini iwe nyingi, mara kumi ya nyama. Chupa ndogo imejazwa nyama mpaka juu ni kuoza tu. Ikikaa ndani zaidi ya saa 72 pia ni mbaya, jeni zinaanza kukatika. Kama ni kipande cha mfupa au uboho, muulize daktari mapema kama italainishwa na asidi, juu asidi inaua kipimo cha jeni. Haya yote mzazi ana haki ya kuuliza kabla mtoto aingie tieta (chumba cha upasuaji).

FISH yenyewe inafanya hivi. Tunakata utando mwembamba sana kutoka kwa bloku, tunaweka taa mbili zinazong'aa, nyekundu upande mmoja wa FOXO1 na kijani upande mwingine. Kama jeni iko nzima, nyekundu na kijani zimekaa pamoja, unaona kama njano. Kama imevunjika, nyekundu iko kivyake kijani iko kivyake. Unahesabu seli nyingi, sio moja. Uzuri wake inafanya kazi kwa bloku ata ya zamani. Ubaya wake inakuambia tu FOXO1 imevunjika, haikuambii imeenda kushikana na nani, PAX3 ama PAX7. Kujua hiyo unahitaji kipimo kingine kinachosoma RNA, ile nakala seli inatoa kwa jeni, na RNA inaharibika haraka kuliko DNA, ndio narudi pale kwa fomalini.

shosho_mweupe

Watoto wangu poleni. Mimi nasema tu kuna mwarobaini na kuna mtu kule Ngong anapeana mizizi, amesaidia watu. Hizi kemo zinamaliza nywele na damu. Msikatae mitishamba.

anti_wa_umoja

Shosho shikamoo, najua unasema kwa mapenzi. Mama yetu alisema hivo hivo na hatukumkasirikia. Lakini wacha nikuambie kitu daktari alimwambia mama, na ndio ilimtuliza. Dawa moja ya hii saratani, vinkristini, imetoka kwa ua. Lile ua dogo la pinki na jeupe linapandwa kwa maua ya nje ya nyumba hapa Nairobi, asili yake Madagaska. Kwa hivyo sio eti hospitali inadharau mimea. Ni kwamba hilo ua lina sumu, na kati ya kuponya na kuua ni kipimo kidogo sana, wanapima kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wa mtoto, na wanaingiza kwa mshipa tu. Mtu asichemshe hilo ua nyumbani tafadhali. Na mizizi ya Ngong hakuna anayejua inagongana vipi na kemo kwa ini la mtoto, kwa hivyo kama mtu amepeana chochote, amwambie daktari, hatachapwa.

shosho_mweupe

Marahaba mwanangu. Nimesikia. Nitaomba.

kamanda_Rongai

Swali. Wakisema "kipimo cha jeni" hiyo si inamaanisha imetoka kwa damu ya wazazi? Kwetu kulikuwa na kesi kama hii na familia ya baba ikaanza kusema imetoka kwa mama, ndoa ikaingia shida kabisa.

fundi_wa_slaidi

Kamanda hili lijibiwe kwa herufi kubwa. HUO MUUNGANIKO WA FOXO1 HAURITHIWI. Ulitokea ndani ya seli moja ya mtoto, baba hana, mama hana, ndugu zake hawana, na mtoto mwenyewe akipimwa damu ya kawaida seli zake zingine ziko sawa. Hakuna mtu alileta.

Kuna familia chache ambazo kweli kuna jeni ya kurithi inaongeza hatari, kama TP53, ile inaitwa Li-Fraumeni, unakuta saratani za matiti, ubongo, mifupa zimefuatana kwa ukoo watu wakiwa wadogo. Kuna NF1 na kuna DICER1. Hizo zinaonekana zaidi upande wa zile zisizo na muunganiko. Hapo daktari anaweza kuomba damu, na ni kipimo tofauti kabisa na cha uvimbe. Lakini ata hapo, jeni haina kosa la mtu.

kamanda_Rongai

Nimepiga skrinshoti naituma kwa grupu ya familia saa hii hii.

mama_Kayole2

Sisi pia tulisemwa. Nashukuru umeuliza.

anti_wa_umoja

Sasa majibu yetu. FISH ilitoka: FOXO1 imevunjika. Baadaye kile cha RNA kikasema ni PAX3.

Sitawadanganya, dada alikaa chini pale pale sakafuni. Alitaka jibu lingine. Mimi pia. Lakini daktari alikaa chini na yeye, kwa sakafu, na koti lake jeupe, akasema mama sasa najua napigana na nani. Kabla ya hapo alikuwa tayari ameanza kemo, hakungoja kipimo, na hiyo muijue: kemo ya kwanza inaweza kuanza wakati FISH inangojewa, msikubali mtoto akae wiki sita bila dawa eti jibu halijatoka. Dawa za mwanzo ni zile zile, vinkristini, daktinomaisini, na siklofosfamidi, kuna nchi za Ulaya wanatumia ifosfamidi mahali pa hiyo ya mwisho. Kile jibu linabadilisha ni mbele: mtoto anawekwa kundi gani la hatari, mionzi itapigwa wapi, tezi za kwapa ziangaliwe kiasi gani, na matibabu yataenda muda gani. Na sio jeni peke yake, wanaangalia umri, mahali uvimbe uko, ukubwa, kama umesambaa, kama ulitolewa wote.

Kwa kijana wetu walitoa tezi ya kwapa ikapimwa kwa makini juu FOXO1 ilikuwa imevunjika, na ikapatikana na seli. Kwa picha haikuonekana. Ndio akachomwa mionzi kwapani pia, sio kwa mkono tu. Bila hilo jibu la FOXO1, labda hakuna mtu angetafuta hapo kwa bidii hivo.

Alafu mwisho wakaongeza miezi sita ya dawa nyepesi, vinorelbini ya sindano na vidonge vya siklofosfamidi vya kila siku. Daktari alisema hii ilitoka kwa utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2019, watoto wa kundi la hatari kubwa walioongezewa hiyo miezi, 86 na nusu kwa 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na ambao hawakuongezewa ni kama 74. Dada aliandika hizo namba nyuma ya kadi ya kliniki.

Ako mwezi wa nne wa hizo vidonge. Nywele zimeanza kurudi, laini kama za mtoto mchanga. Harambee tulifanya mara mbili, wa kwanza kutuma alikuwa kocha wake.

mwalimu_J

Mwambie golikipa kuna shule nyingine nzima, ya Rongai, inamsalimia.

fundi_wa_slaidi

Niongeze tu ya wale ambao jibu limetoka "haikuvunjika", msifunge daftari. Kuna aina nyingine, ya seli nyembamba kama nyuzi. Kwa watoto wachanga wa chini ya mwaka mara nyingi ina muunganiko wa jeni zingine, VGLL2 ama NCOA2, na inaendelea vizuri. Kwa wakubwa inaweza kuwa na kasoro kwa jeni ya MYOD1, na hiyo ni kali ata kama FOXO1 iko salama. TP53 ndani ya uvimbe pia ni ishara mbaya. Kwa hivyo swali lenu liwe mbili: FOXO1 imevunjika? na kama hapana, kuna kingine kimeangaliwa? Msiulize tu "mnapima hapa?" Ulizeni "mkikosa hapa mnatuma wapi, na nani atasaini bloku ikitoka."

baba_Tasha

Nimesoma huu uzi wote mara mbili. Binti yangu ana miaka 15, ni kwa shavu la mguu. Ripoti imeandikwa alveola. Amepata kemo moja. Nimeuliza kuhusu FOXO1 leo asubuhi baada ya kusoma hapa na daktari amesema ndio angependa sana, fomu ameandika, lakini bloku iko maabara ile tulipimwa kwanza, na wao wananiambia nirudi wiki ijayo, wiki iliyopita pia waliniambia wiki ijayo. Mama yake yuko wodini. Mimi ni bodaboda, sijui kuongea na hao watu wa dirisha, wananiangalia na koti ya mvua wanaona sijui kitu.

anti_wa_umoja

Baba Tasha una fomu ya daktari? Ina muhuri? Ibebe, na kitambulisho chako, na namba ya maabara iliyo kwa ripoti, sio namba ya faili ya hospitali, hizo ni mbili tofauti na hapo ndio wanakuzungusha.

Ni maabara gani? Nitumie kwa inboksi usiandike hapa. Kesho niko na nusu siku. Kama ni ile nafikiria najua ata droo. Nitakungoja hapo nje kwa geti saa mbili asubuhi, nimevaa sweta ya kijani, tutaingia wawili.

baba_Tasha

Nimetuma. Saa mbili nitakuwa hapo. Ahsante dada.

fundi_wa_slaidi

Mkiipata nipigieni kabla hamjaondoka hapo dirishani, niwaambie mwangalie nini kwa lebo.